MAWAZO YAKITUZIDI: IMANI NA SAIKOLOJIA VINATUSAIDIA NAMNA GANI?



Hapa kwetu Bukavu tukisema mtu ana mawazo, hatutaki kusema kwamba anajua kufikiri sana. Tunataka kusema kwamba kuna kitu kinamlemea. Mtu akisema, "Ule mama iko na mawazo mingi," kila mmoja anaelewa mara moja: mama huyo hapati usingizi, chakula hakipiti, anakaa mlangoni anaangalia barabara bila kuona anayepita. Basi ni juu ya mawazo ya namna hiyo tunataka kuandika leo. Maana hayawapati wamama tu. Yanatupata na sisi wanafunzi, tena darasani, tena wakati wa sala ya asubuhi.

Sisi tunaowaandikia tuna miaka 18 tu, hatujasoma chuo kikuu. Lakini sisi wa sehemu ya pedagojia tuna kozi ya saikolojia, yaani elimu ya namna mtu anavyofikiri, anavyosikia moyoni na anavyotenda. Na sisi sote tuna Biblia. Tumejaribu kuweka vitu hivi viwili pamoja juu ya meza moja. Ninyi mtapima.

1. Kwanza tukiri kosa letu

Ninyi mnajua kazi ya kapita: kuandika majina ya wenye fujo, ya wanaochelewa, ya wanaolala wakati wa somo. Muhula uliopita tuliandika jina la mwenzetu mmoja mara nne, juu ya kulala darasani. Hakujitetea. Mara ya tano tulimwita pembeni wakati wa rekreasio, tukamwuliza kwa ukali, "Weye, uko na shida gani?" Akasema polepole, "Usiku silale. Mawazo inanizunguka mu kichwa mpaka asubuhi."

Sasa sikieni jibu letu. Tulimwambia, "Omba tu, ndugu. Imani yako iko kidogo." Tukaenda zetu kunywa maji, tukafikiri tumefanya kazi ya Mungu.

Kuanzia siku ile hakutusemesha tena. Baada ya majuma mawili aliandika maneno kwenye karatasi, akamwachia rafiki yake, kwamba anaona afadhali asiwepo tena, watu wa kwao wapungukiwe na mzigo. Yule rafiki alifanya vema kuliko sisi. Hakumhubiria. Alikaa naye, hakumwacha peke yake hata dakika moja, na jioni ile wakaenda pamoja kwa Pasta wa shule. Leo mwenzetu yuko, anasoma, anacheka, na ametupa ruhusa tuandike habari hii bila jina lake. Alisema, "Andika. Inaweza kusaidia mwingine."

Tangu hapo tumejiuliza: tulikosea wapi? Kuomba si kosa. Kosa ni kwamba tulitumia neno la Mungu kama mlango wa kumfungia mtu nje. Ndiyo sababu tumetafuta, tumesoma, tumeuliza. Yafuatayo ni yale tuliyoyapata.

2. Mwili unapopiga kengele

Sisi wa Cimpunda tunajua mvua ya usiku. Nyumba zimebanana juu ya mlima, udongo ni laini, na mvua ikizidi watu hawalali: wanasikiliza kama ardhi inashuka. Woga wa namna hii ni mzuri. Unamfanya baba aamshe watoto na kuwatoa nje kabla ya ukuta kuanguka. Mungu aliuweka woga mwilini kama mlinzi.

Mwaka 1915 mwalimu mmoja wa Harvard kule Marekani, Walter Cannon, alitoa kitabu akaeleza namna mlinzi huyu anavyofanya kazi. Hatari ikitokea, tezi ndogo zilizo juu ya figo zinamwaga dawa ndani ya damu, inaitwa adrenalini. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakimbilia mikono na miguu, tumbo linaacha kusaga chakula. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Wataalamu waliokuja nyuma walionyesha kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, ambayo inapiga kengele hii hata kabla hatujafikiri.

Shida ni kwamba kengele haijui kutofautisha sana. Tarehe 14 Februari 2025, wakati M23 walipoingia katika mji wetu, wengi wetu tulilala chini, nyuma ya ukuta, tukihesabu milio. Siku zile zilipita. Lakini mpaka leo mlango ukipigwa na upepo, paa! kuna mwenzetu anayeinama chini ya dawati. Wengine wanamcheka. Wasimcheke. Mwili wake umekumbuka. Si uoga wa kitoto, wala si dhambi, wala si imani haba. Ni kengele iliyozoea kulia sana.

Kengele hii inaweza kutulizwa, tena kwa njia isiyolipwa hata franka moja. Ukipumua polepole, hasa ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni, ambao unauambia moyo upunguze mbio. Vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita. Fanya mara kumi. Usitegemee muujiza. Itakusaidia tu kukaa kwenye kiti, ndipo uweze kufikiri.

3. Tukio, wazo, na moyo

Sasa tufike kwenye kiini. Mfano: uko darasani, mtu anakuja mlangoni asema, "Prefe anakuita." Hapo hapo tumbo linakaza. Juu ya nini? Prefe hajasema kitu bado. Kinachokukaza tumbo ni wazo lililopita kichwani haraka kama mototaksi: "Wananifukuza juu ya minervale." Unafika ofisini, kumbe anataka umsaidie kubeba madawati.

Tazameni basi, kuna vitu vitatu, si viwili. Kuna tukio: kuitwa. Kuna wazo: wananifukuza. Kuna kile moyo unachosikia: woga. Sisi tunafikiri tukio ndilo lililoleta woga. Kumbe katikati kuna wazo, nalo linapita haraka hata hatulioni.

Mtu aliyeliona vizuri ni mganga wa Marekani, Aaron Beck, aliyezaliwa 1921 akafa 2021, akiwa na miaka 100. Katika miaka ya 1960 alikuwa anatunza wagonjwa wenye huzuni nzito mjini Philadelphia. Akagundua kwamba chini ya maneno wanayoyasema, kuna maneno mengine wanajiambia wenyewe siku nzima: mimi si kitu, hakuna anayenipenda, kesho itakuwa mbaya kama leo. Wagonjwa hawakuyachunguza maneno hayo. Waliyaamini tu, kama mtoto anavyoamini hadithi za usiku. Beck akaanza kuwafundisha kuyashika mawazo hayo na kuyauliza maswali, kama hakimu anavyomwuliza shahidi: ulijuaje? uliona wapi? ushuhuda wako ni nini? Wengi walipata nafuu. Njia hii sasa inatumika ulimwengu mzima.

Lakini tuwe waangalifu hapa, maana ndipo wengi wanapotea. Haitaki kusema kwamba kila wazo baya ni la uongo. Mwenzetu yule aliyekuwa hapati usingizi, wazo lake la kwanza lilikuwa: "Kwetu hakuna minervale." Hilo ni kweli. Mama yake anauza sambaza soko ya Kadutu, na siku nyingine harudi na kitu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "fikiri vizuri tu, kila kitu kitakuwa sawa," unamdanganya. Hata yeye anajua unamdanganya.

Ila wazo lile la kweli lilikuwa limezaa watoto njiani. "Kwetu hakuna minervale" likazaa "mimi ndiye mzigo wa nyumba." Hilo likazaa "bila mimi wangekuwa na raha." Tulipomwuliza, "Mama alikwambia wewe ni mzigo?" akafikiri, akasema, "Hapana. Anasema miye ndiye nitatoa nyumba mu matope." Basi umaskini ulikuwa wa kweli, lakini mzigo ulikuwa wa kuongezwa. Kazi ya mtu mwenye mawazo ni kutenga hivi viwili, kama mama anavyopepeta mchele: mchele huku, mawe kule. Mchele ni mchele hata ukiwa kidogo. Mawe hayapikwi.

4. Kulifukuza wazo hakutoshi

Wengine wanasema, "Wazo likija, lifukuze tu." Tumejaribu. Na ninyi jaribuni sasa hivi: kwa dakika moja msifikiri kabisa juu ya sambaza za kukaanga, zimetoka kwenye mafuta, na pilipili pembeni.

Mmeona?

Mwaka 1987 mtaalamu mmoja wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, walitoa habari ya jaribio kama hilo. Waliwaambia wanafunzi wasifikiri juu ya dubu mweupe, yaani yule mnyama mkubwa wa nchi za barafu, na wapige kengele kila wakati akiwajia kichwani. Kengele ililia tena na tena. Na baadaye walipopewa ruhusa kumfikiri, walimfikiri zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo linalofukuzwa kwa nguvu linarudi na ndugu zake.

Kwa hiyo njia nzuri si kupigana na wazo mlangoni usiku kucha. Njia nzuri ni kulikaribisha likae kwenye kiti, kulitazama uso, kulijua jina, kulihoji, na kisha kuinua mikono kufanya kazi nyingine. Wazo ni mgeni. Mgeni si mwenye nyumba.

5. Biblia inatufundisha nini?

Hapa wengine watasema, "Hizo ni akili za wazungu." Basi tufungue 1 Wafalme sura ya 19, tusome pamoja habari za Eliya.

Eliya alikuwa ametoka kushinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Watu wote waliona moto ukishuka. Kisha Yezebeli akatuma neno kwamba atamwua, na mtu yule mkubwa wa imani akakimbia, akaenda mwendo wa siku moja jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu afe. Ninyi mnaosema kwamba mtu anayechoka na maisha hana imani, mtamwambia nini Eliya?

Sasa tazameni namna Mungu alivyomtunza, kwa utaratibu.

Kwanza, Mungu alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile. Hakuna hotuba. Hakuna kulaumu. Mungu alianza na usingizi na chakula, maana alimwumba mtu na mwili, naye anajua mwili uliochoka hausikii mahubiri. Nasi tulianza na mahubiri.

Pili, baada ya safari ya siku 40 mpaka Horebu, Mungu akamwuliza swali: alikuwa anafanya nini pale. Akamwacha aseme yote yaliyo moyoni. Eliya akasema mara mbili neno lile lile, kwamba yeye peke yake ndiye aliyebaki, na wanatafuta kumwua yeye naye. Mungu hakumkatiza.

Tatu, Mungu alilishika wazo lile na kulitenga, mchele huku na mawe kule. Kwamba wanatafuta kumwua, ilikuwa kweli, wala Mungu hakulikana. Lakini kwamba amebaki peke yake, hiyo haikuwa kweli. Mungu akampa hesabu: walikuwa watu 7000 katika Israeli ambao hawakupigia Baali magoti. Elfu saba! Na Eliya alikuwa amehesabu mmoja.

Nne, akampa kazi ya kufanya, na njia ya kupita. Tano, akampa mwenzake, Elisha, asitembee tena peke yake.

Usingizi na chakula, kusikilizwa, kulipima wazo, kazi, na mwenzako. Tulipoyaandika haya matano kwenye ubao, mwalimu wetu wa saikolojia aliyatazama muda mrefu akasema kwamba hata yeye hana mengi ya kuongeza. Wataalamu waligundua kwa kazi nyingi kitu ambacho Mwumba alikuwa anakitumia tangu zamani. Hatuoni ugomvi kati yao.

Tunaweza kuongeza mifano mingine. Katika Zaburi ya 42 mtu anaigeukia nafsi yake mwenyewe na kuiuliza kwa nini imeinama. Haiamini tu nafsi yake, anaihoji. Katika Wafilipi sura ya 4, Paulo anawafundisha watu kuchagua yale ya kutafakari, na la kwanza analolitaja ni yaliyo kweli. Tena alikuwa kifungoni, si mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri. Na Bwana wetu mwenyewe, usiku wa Gethsemane, hakuficha huzuni yake. Aliwaambia wanafunzi watatu na kuwaomba wakae macho pamoja naye. Kama Yesu aliomba marafiki wakae naye, sisi ni nani tuseme, "Miye sihitaji mtu"?

6. Habari ya wanawake wa Kivu

Tusifikiri kwamba elimu hii ni ya Marekani tu. Kuna habari ya hapa kwetu, na inafaa kila mwanafunzi aijue.

Mwaka 2013 gazeti kubwa la waganga, New England Journal of Medicine, lilichapa habari ya kazi iliyofanywa katika vijiji 15 vya Kongo ya mashariki, pamoja na hapa Kivu ya Kusini. Wanawake 405 waliotendewa jeuri wakati wa vita walisaidiwa kwa njia mbili. Katika vijiji 8, wanawake 248 walisaidiwa mmoja mmoja na washauri, walisikilizwa na kutiwa moyo. Katika vijiji 7, wanawake 157 walikutana pia katika vikundi, mikutano 11, baada ya mkutano wa kwanza wa kila mtu peke yake. Katika vikundi hivyo walifundishwa kitu kile kile tulichoeleza juu: kutofautisha tukio, wazo na moyo, na kulihoji wazo. Kwa mfano, wazo kama "ilikuwa kosa langu."

Washauri hawakuwa maprofesa. Walikuwa Wakongomani waliosoma angalau miaka minne baada ya shule ya msingi, wakapewa mafunzo na kusimamiwa vizuri. Wanawake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa ili wayashike kichwani. Na vita haikuwa imekwisha.

Miezi 6 baada ya mikutano kumalizika, wakahesabiwa wale ambao bado walikuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vya msaada wa mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Katika vijiji vya vikundi walikuwa asilimia 9. Someni tena hesabu hiyo. Mama wa kijijini asiyejua kusoma, katika nchi ya vita, alijifunza kulihoji wazo lake, akapona. Basi sisi wenye kaye na biki tunasubiri nini?

Tena hapa hapa Bukavu kuna Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege pamoja na jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC, ndugu zetu katika Kanisa la Kristo katika Kongo. Daktari huyo, mtoto wa mchungaji, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Pale mgonjwa hatibiwi kidonda tu. Anapata daktari wa mwili, mshauri wa moyo, msaada wa sheria, na kazi ya kujifunza ili ajitegemee. Kama imani ingekuwa inakataza saikolojia, hospitali ya Kanisa isingeiweka ndani ya nyumba yake.

Na kule Zimbabwe tangu 2006, mganga Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wazee kukaa kwenye mabenchi karibu na zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo. Wao kwa lugha ya Kishona wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Ona, hata wao waliita ugonjwa huo kwa jina kama letu.

7. Kazi ya kufanya: kaye ya mistari mitatu

Chukua kaye. Piga mistari, ugawe ukurasa sehemu tatu. Ya kwanza: kitu gani kimetokea? Ya pili: nimejiambia nini? Ya tatu: lipi ni kweli, lipi nimeongeza, na leo naweza kufanya nini?

Tuwape mfano wetu wenyewe, hatuoni haya. Mwezi uliopita tulipata 3 kwa 10 katika interogasio ya hesabu. Sehemu ya kwanza tuliandika: "3 kwa 10." Sehemu ya pili: "Nitaanguka Egzeta. Wadogo zangu watanicheka. Pesa ya mzazi imepotea bure." Tulipoyaona kwenye karatasi, kwa mwandiko wetu, tulishangaa namna maneno yalivyokuwa mengi juu ya karatasi moja ndogo. Sehemu ya tatu: "3 kwa 10 ni kweli. Logaritimu sijaelewa, ni kweli. Egzeta haijafika, hakuna aliyeiona. Leo saa nane nimwone mwenzangu anayejua logaritimu." Tulienda. Interogasio iliyofuata tulipata 6. Si 10. Lakini usiku tulilala.

Ukimaliza kuandika, hapo omba. Tena omba kwa jina la kitu, si kwa kuzunguka. Kwa mfano: "Bwana, minaogopa mtihani. Logaritimu inanishinda. Nipe nguvu ya kuuliza bila haya, na usingizi wa usiku huu. Amina." Sala ya namna hii hailikimbii wazo. Inalipeleka mbele ya Mungu likiwa na jina lake.

Kisha fanya kitu kidogo kwa mikono: chota maji, fagia, fua shati. Mtu mwenye mawazo anasubiri moyo upone ndipo afanye kazi. Mara nyingi njia ni kinyume, mikono inaanza, moyo unafuata.

8. Wakati gani uende kwa mtu mwingine?

Kuna mawazo ambayo kaye haitoshi. Tunawaomba mshike alama hizi. Kama umepita majuma mawili huzuni haitoki, hupati usingizi, huli, hutaki tena mpira wala kwaya uliyokuwa unaipenda. Kama unasikia sauti ambazo wengine hawasikii. Kama unaanza kunywa pombe kali ili ulale. Na zaidi ya yote, kama wazo la kufa linakujia. Hapo usisubiri kesho. Mwambie mtu mkubwa unayemwamini leo hii: mwalimu, Pasta, mama mkubwa, muuguzi wa zahanati. Na kama ni mwenzako amekwambia, usiape kumtunzia siri hiyo. Siri nyingine zitunze, hiyo hapana. Kaa naye, na mwende pamoja.

Mjini kwetu iko pia Sosame, kituo cha Mabradha wa Upendo, ambacho kinatibu magonjwa ya akili. Wengi wanaliogopa jina hilo, wanasema, "Ni kwa wenda wazimu." Lakini mtu mwenye malaria akienda hospitali hatumcheki. Ubongo nao ni kiungo cha mwili, unaugua, unatibiwa.

Wengine wanapeleka mgonjwa wa mawazo kwenye vyumba vya maombi, wanamfungia, wanamkataza kula, hata wanampiga ili pepo atoke. Wandugu, tunaamini nguvu za sala. Lakini tukumbuke kwamba malaika hakumpiga Eliya. Alimpa mkate.

9. Mwisho

Wasomaji wapenzi, hatukuandika haya kwa kujifanya waganga. Tuliandika kwa sababu ya jina moja tuliloliandika mara nne kwenye kaye ya disiplini, na kwa sababu ya jibu moja baya tulilompa mwenye jina hilo. Yeye ametusamehe. Sisi bado tunakumbuka.

Basi makapita wa madarasa yote tumekutana na kukubaliana jambo hili, na Direksio imetukubalia. Kuanzia juma lijalo, tukiona mwanafunzi analala darasani, kabla ya kuandika jina lake tutamwuliza maswali mawili kwa sauti ya chini: "Ulilala usiku? Ulikula asubuhi?" Kama jibu ni hapana, jina halitaandikwa siku ile, na mmoja wetu atakaa naye wakati wa rekreasio. Wanaolala kwa uvivu wasifurahi, tutawajua.

Na wewe ambaye unasoma karatasi hii na unafikiri kwamba shule nzima ni wewe peke yako unayekesha usiku, tunakuomba uhesabu tena. Eliya naye alihesabu mmoja.

Mungu awabariki.

Ni sisi, kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho, Cimpunda.